Mwonja Chai na Kikombe cha Asubuhi

Ilikuwa Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, na mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza tena baada ya kukatika alfajiri. Katika wodi ya ghorofa ya pili, wagonjwa walikuwa wamepanga foleni mbele ya dirisha la dawa, kandambili miguuni na nywele zikiwa bado na umbo la mto. Mwonja chai alikuwa wa pili. Mbele yake alisimama mwamuzi mstaafu wa mpira, ambaye wodi nzima ilimwita Refa. Refa alikuwa akimweleza sista, kama alivyofanya kila asubuhi, kwamba katika foleni ile kulikuwa na mtu aliyeotea.

"Nani ameotea, baba?" sista aliuliza bila kuinua macho.

"Huyu nyuma yangu. Ananipumulia shingoni."

"Kunywa dawa yako, Refa," mwonja chai alisema. "Mechi ilishakwisha zamani, na uwanja umeshafungwa."

Refa alikunywa, akakunja uso, akatoa ulimi ili sista aone kwamba amemeza, kisha akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetoka uwanjani bila kuzomewa.

Zamu ya mwonja chai ikafika. Sista alimpa kikombe kidogo cha plastiki chenye dawa ya maji ya rangi ya machungwa. Wagonjwa wengine waliinywa kwa funda moja, kama mtu anayeruka dimbwi. Yeye hakuweza. Alikinusa kikombe kwanza. Kisha aliivuta dawa mdomoni pamoja na hewa, kwa kishindo, kama alivyofundishwa ujanani katika chumba cha kuonjea, ili isambae ulimini kote mpaka kooni. Tofauti ilikuwa moja tu: kazini alitema, hapa alilazimika kumeza.

Dawa ilikuwa chungu. Ilikuwa chungu kuliko ya jana, na ya jana ilikuwa chungu kuliko ya juzi.

"Vipi, mama?" sista aliuliza, kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado ameshika kikombe kitupu.

"Salama," alijibu, ingawa hakuwa salama hata kidogo. Alitembea mpaka kwenye simu ya wodi, iliyotundikwa ukutani karibu na chumba cha kulia, akampigia mdogo wake.

"Njoo unichukue," alisema. "Leo hii. Hawa watu wananichezea shere."

Mambo yalikuwa hivi. Mwonja chai alikuwa mmoja wa watu wachache waliofanya kazi katika chumba cha kuonjea cha kampuni ya chai. Kila asubuhi vikombe vyeupe vilipangwa mezani kama askari wa gwaride, naye alipita na kijiko chake, akavuta, akatema, akatoa hukumu: hii imekaushwa kwa moto mkali mno, hii imechelewa kuchumwa, hii imelala ghala moja na mafuta ya taa. Wenzake walimwita Ulimi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokiri.

Alipofiwa na mumewe, usingizi ulimhama. Daktari wa zahanati iliyo karibu na nyumbani kwake alimwandikia vidonge vya kumtuliza, kimoja kila jioni, kwa muda mfupi. Muda mfupi ukanyooka. Kidonge cha jioni kikapata mwenzake wa mchana, na wa mchana akapata ndugu wa asubuhi. Daktari mmoja alipokataa kumwandikia tena, alimpata mwingine. Hakuiba wala hakughushi. Kila kidonge alichomeza kilikuwa na cheti halali cha daktari, na ndiyo maana hakuliona shimo mpaka alipokuwa ndani yake.

Wa kwanza kulitambua shimo ulikuwa ulimi. Chai zote zilianza kuwa na ladha ya kadibodi. Siku moja alipitisha shehena iliyonuka moshi waziwazi, na wenzake wakatazamana. Mkuu wa chumba, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimwita pembeni.

"Nenda ukatibiwe," alimwambia. "Kiti chako nakuwekea mpaka msimu mpya. Ukirudi na ulimi, utakaa. Ukirudi bila ulimi, utakwenda kwenye ufungashaji. Mimi nitalia, lakini utakwenda."

Mwonja chai alidhani angeyamaliza mambo yake nyumbani. Alimwaga vidonge vyote chooni, akavuta mnyororo, akapiga moyo konde. Siku chache baadaye mdogo wake alimkuta ameanguka jikoni, anatukutika kama mwenye kifafa, na sufuria inaungua juu ya jiko. Hospitalini waliwaeleza kwamba dawa za aina ile haziachwi ghafla. Mwili uliozizoea huasi, na uasi huo unaweza kuua. Ndipo akalazwa katika wodi hii, ambayo kazi yake ilikuwa moja: kuwaondolea watu dawa za usingizi na za kutuliza, taratibu, chini ya macho ya waganga.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyezungumza kana kwamba kila neno lilipaswa kupitia forodha. Siku ya kwanza alimweleza utaratibu.

"Tutakupunguzia kidogo kidogo, lakini hutajua ni lini wala ni kiasi gani. Kikombe kitakuwa kilekile, kitajaa vilevile, rangi itakuwa ileile. Watu wengi wakijua kwamba wamepunguziwa, hutetemeka kwa sababu ya kujua, si kwa sababu ya kupungukiwa. Unakubali kufichwa?"

"Nakubali."

"Ukitaka kujua wakati wowote, uliza. Nitakujibu. Hiyo ni haki yako, mama, sikunyimi. Ninachosema ni kwamba wasiouliza huvuka kwa urahisi zaidi."

Utaratibu huo ulimfaa kila mtu isipokuwa mtu anayekula kwa ulimi wake. Hata ulimi uliochoka, ulimi wa mwonja chai unajua mawili matatu. Asubuhi moja ya mwanzo alionja kikombe chake na kukuta uchungu umelegea. Wamepunguza, alijiambia, na kabla ya saa sita mikono yake ilikuwa ikitetemeka kiasi cha kushindwa kufunga vifungo. Mara ya pili mambo yalikuwa yaleyale. Kibaya zaidi, hakuyaweka moyoni. Refa alimletea kikombe chake kilichobaki tone moja chini, akamwomba hukumu. Mwonja chai alichovya kidole, akafumba macho, akasema, "Yako wameikata nusu."

Refa alikuwa mtu aliyewahi kusimama peke yake mbele ya uwanja mzima unaomtukana, asipepese macho. Mchana ule aliumaliza chini ya blanketi, meno yakigongana. Daktari alimwita mwonja chai ofisini na kumsema kwa upole, na upole ule ulimwuma kuliko kofi. Hakuonja tena kikombe cha mtu.

Baada ya tukio hilo, kikombe chake mwenyewe kilibadilika. Uchungu ulirudi. Ulikuwa uchungu wa namna nyingine kidogo, mkavu zaidi, lakini ulikuwepo, na yeye alijua mara moja maana yake: wamenirudishia. Hakumwambia mtu. Kwa kweli kulikuwa na jambo ambalo asingemwambia mtu hata kwa kubanwa mlangoni. Alifurahi. Usiku huo alilala kama gogo, na uliofuata vilevile. Kila asubuhi alivuta dawa kwa kishindo, akaukuta uchungu mahali pake, na moyo ukatulia tuli.

Lakini uchungu haukukaa mahali pake. Ulipanda. Ulipanda polepole, kama maji ya kisima wakati wa masika, na ile furaha yake ikaanza kugeuka rangi. Jana mkuu wa chumba alimpigia kumwambia kwamba msimu mpya uko mlangoni. Leo kikombe kilikuwa chungu kama shubiri. Mwonja chai aliunganisha mambo hayo na kupata jibu moja. Hawampunguzii, wanamwongezea. Angetoka hapa akiwa mtumwa zaidi ya alivyoingia, na kiti chake kingekaliwa na mtu mwingine. Afadhali arudi nyumbani akajipunguzie mwenyewe, kwa kuonja.

Mdogo wake alifika saa nne, amelowa mabega. Alikuwa mwalimu wa udereva, mfupi, mwepesi wa miguu na wa maneno, na alikuja na gari la kazini lenye kibao juu ya paa.

"Umekuja na nani?" mwonja chai aliuliza, akichungulia dirishani. "Naona mtu kwenye usukani."

"Msusi mmoja, mwanafunzi wangu. Huu ni wakati wa somo lake, singeweza kumwahirisha. Nimemwambia zoezi la leo ni kuegesha hospitalini." Alikaa kitandani. "Ameangusha pipa la taka. Moja tu, na lilikuwa tupu."

"Mungu amsaidie."

"Mungu awasaidie wanaotembea kwa miguu. Haya, dada, niambie." Macho yake yalitua kwenye mkoba uliokuwa juu ya kiti, zipu imefungwa mpaka mwisho. "Kumbe virago umeshafunga."

"Nimefunga. Wananiongezea dawa, mdogo wangu. Mwezi wa pili sasa, wananitia mchanga wa macho. Nikikuambia kikombe cha leo kilivyokuwa, utatema mate hapo ulipo."

"Na ukifika nyumbani utafanya nini?"

"Nitatafuta vidonge vyangu, nitajipunguzia mwenyewe. Pole pole."

Mdogo wake aliivuta zipu ya mkoba kidogo, kisha akairudisha.

"Dada, mara ya mwisho ulipojipunguzia mwenyewe, mimi ndiye niliyekuokota sakafuni."

"Mara ile nilikata ghafla. Mara hii nitakwenda pole pole."

"Hivyo ndivyo wanafunzi wangu wote husema. Halafu wanakanyaga mafuta."

"Mimi si mwanafunzi wako. Ninajua ninachomeza. Nilianza kuonja chai kabla wewe hujaota meno ya ukubwani."

"Meno yangu yameota, na bado nalala na simu kifuani nikiogopa utapiga, au hutapiga." Mdogo wake alisimama, akauchukua mkoba, akaupima uzito. "Nitakupeleka. Wewe ni mtu mzima, siwezi kukufunga kamba. Lakini tunapita kwanza kwa daktari, umwambie haya usoni. Hatutoki hapa kwa kunyata kama wezi wa kuku."

Ofisi ya daktari ilikuwa chumba chembamba chenye viti vitatu vya ukoo tofauti, birika la umeme, na dirisha lililozibwa ufa wake kwa utepe wa plasta. Daktari aliwasikiliza bila kumkatiza mtu. Mwonja chai alieleza kila kitu: uchungu ulivyolegea, ulivyorudi, ulivyopanda. Alieleza kwa ufasaha, kwa maneno ya kazi yake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini.

"Na jambo jingine," alimalizia. "Ninalala. Ninalala usiku kucha. Mtu anayepunguziwa dawa hawezi kulala hivyo."

"Una hakika kwamba tumekuongezea?" daktari aliuliza.

"Ulimi wangu una hakika."

"Muda wote huo, mama, hujawahi kuniuliza."

Mdogo wake aligeuka kumtazama.

"Hujauliza? Dada. Umefunga mkoba, umeniita kutoka kazini, msusi wa watu anabomoa hospitali huko chini, na hujauliza?"

"Niulize nini wakati ninajua?"

Alisema hivyo, lakini alijisikia vibaya kusema hivyo. Alijua kwa nini hakuuliza. Wakati uchungu uliporudi, alikuwa amefurahi mno kiasi cha kutotaka kusikia kwamba ungeondolewa. Na uchungu ulipozidi, aliogopa kusikia kwamba mambo ndiyo hayo. Sasa, akiwa ameketi katika kiti kilichotikisika mguu mmoja, aliona kwamba majibu yote mawili yalikuwa mabaya. Akiambiwa wamemwongezea, ataondoka na hasira, na nyumbani kunamngoja kila kitu alichokikimbia. Akiambiwa wamempunguzia, mikono itaanza palepale, mbele ya mdogo wake, kama ilivyoanza mara zile nyingine. Angeweza pia kuondoka bila kuuliza. Mkoba ulikuwa mapajani mwa mdogo wake, na mlango haukufungwa.

"Hulazimiki," daktari alisema. "Ila ukiuliza, hutaweza kurudi kwenye kutojua."

Mwonja chai alimeza mate. Yalikuwa bado na uchungu wa asubuhi.

"Nauliza," alisema. "Kikombe cha leo kilikuwa na dawa kiasi gani?"

Daktari alinyanyua simu ya mezani. "Umesema tunakuchezea. Basi afadhali usisikie kutoka kwangu, usikie kutoka kwa aliyechanganya."

Mfamasia wa hospitali alipanda kutoka chini. Wagonjwa wa wodi ile walikuwa wakinywa kazi ya mikono yake kila siku bila kumjua. Alikuwa mzee nadhifu, aproni yake ina madoa ya rangi ya machungwa, na alitembea kama mtu aliyebeba glasi iliyojaa pomoni, ingawa mikono yake ilikuwa mitupu. Daktari alimweleza swali. Mzee alimtazama daktari, na daktari akatikisa kichwa kukubali.

"Cha leo?" mfamasia alisema. "Hakikuwa na kitu."

"Hakikuwa na kitu gani?" mwonja chai aliuliza.

"Dawa. Hakikuwa na dawa. Kilikuwa na maji, shira ya machungwa na matone yangu ya uchungu. Ndivyo kilivyokuwa jana, na juzi, na wiki yote iliyopita. Dawa yako imekwisha kitambo, mama."

Nje, mtu alipiga honi fupi, ikifuatwa na sauti ya mlinzi akimwelekeza msusi akate kushoto.

"Baada ya mambo yale ya Refa," mfamasia aliendelea, "daktari aliniambia nitafute cha kukuziba ulimi, maana kila tukipunguza unajua. Nikaweka uchungu usio dawa. Kiasi kilekile kila siku. Dawa yenyewe nikawa naiondoa chini yake, kidogo kidogo, mpaka ikaisha."

"Kwa hiyo mlinidanganya," mwonja chai alisema, lakini sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Tulikuficha," daktari alisema. "Ulikubali kufichwa. Ulipouliza, umejibiwa."

"Lakini mzee wangu, uchungu umezidi. Kila siku umezidi. Umeongeza matone."

"Sijaongeza hata moja." Mfamasia alionekana kuumia kidogo. "Mimi napima kwa bomba la sindano, sipimi kwa jicho. Na kila asubuhi natia tone ulimini mwangu kabla ya kukileta. Kwangu ni kilekile, tangu siku ya kwanza mpaka leo."

Katika chumba cha kuonjea, kila meza huanza na kikombe kimoja ambacho hakina hukumu. Chai yake hutoka katika kopo lilelile, kwa uzito uleule, kwa maji yaleyale, mwezi baada ya mwezi. Huitwa kipimo. Mwonjaji hukionja kwanza, si ili akijue, bali ili ajijue. Kikionekana kikali leo, hakuna anayelilaumu kopo. Mwonjaji hujiuliza amekula nini, ana mafua au hana, ulimi wake umeamkaje. Hilo ni somo la siku ya kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa amelifundisha kwa wageni wengi kazini. Hapa wodini alipewa kipimo kila asubuhi. Hakuambiwa kwamba ni kipimo, basi akakishtaki.

"Si kikombe," alisema taratibu. "Kikombe hakijabadilika. Ni mimi. Ulimi unarudi."

"Hilo sikulifikiria," mfamasia alikiri. "Nilidhani nimekuziba."

"Ulinifungua, mzee."

Kisha alikumbuka mikono. Aliitazama, imelala mapajani, na akaona kwamba wengine wote watatu walikuwa wakiitazama pia. Waliingoja. Daktari alikuwa amesogeza kiti chake karibu bila kufanya kelele. Mkono wa kulia ulijisogeza, ukamkuna mwenzake wa kushoto penye kuwasha, ukarudi mahali pake. Basi. Haukufanya jambo jingine lolote.

"Kwa hiyo," mwonja chai alisema, "nimekuwa nikilala mwenyewe?"

"Mwenyewe," daktari alijibu.

"Usingizi ule wote?"

"Wote ni wa kwako."

"Na kukoroma je?" mdogo wake aliuliza. Sauti ilimkatika katikati, akajifanya anakohoa. "Sista kaniambia mlangoni kwamba chumba cha pili wanalalamika."

"Kukoroma pia ni kwake," mfamasia alisema kwa uzito wote. "Mimi sikuweka kitu cha kukoromesha."

Mwonja chai alicheka. Alianza kwa pumzi ya puani, kisha kifua kikafunguka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na kile kiti kibovu kikagonga sakafu kwa mguu wake mfupi. Tangu msiba hakuwa amecheka hivyo; mdogo wake alilijua hilo, na alilia waziwazi, akisema ni vumbi la ofisi. Daktari alimpa karatasi ya kufutia macho, naye akaonekana mdogo wa umri kuliko kawaida, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Sasa nisikilize," daktari alisema walipotulia. "Sitaki uondoke hapa na hadithi tamu. Mwili wako bado unajizoesha. Kutakuwa na siku mbaya, hata miezi ijayo. Utaamka usiku na moyo unakwenda mbio bila sababu, na kitu cha kwanza utakachokitamani unakijua. Siku hiyo usifunge mkoba. Piga simu."

"Nitapiga."

"Na nakuomba ubaki mpaka wiki hii iishe, bila kikombe. Nataka nikuone unalala huku ukijua."

Hilo lilimgusa. Kulala bila dawa kwa kutojua kulikuwa jambo moja. Kulala akijua kulikuwa jambo jingine, na hofu ndogo ilimtembelea, ikachungulia, lakini haikukaa.

"Nitabaki," alisema. "Kesho sipangi foleni?"

"Kesho hupangi foleni."

Nje ya ofisi, Refa alikuwa amesimama kwenye korido, mikono nyuma, kana kwamba anakagua nyavu.

"Nasikia unahama timu," alisema.

"Nilitaka kuhama. Nimesajiliwa upya mpaka mwisho wa wiki." Mwonja chai alisimama mbele yake. Mdogo wake aliujua uso ule wa dada yake, akasonga mbele hatua chache ili awaache. "Refa, nina neno lako. Siku ile nilipokuambia wameikata nusu, nilikutia hofu bure. Ulimi wangu ulikuwa umekufa, nami nikaupeleka kutoa ushahidi. Nisamehe."

"Nilijua. Daktari aliniambia siku ileile kwamba wiki ile hawakuwa wamegusa kitu."

"Ulijua? Mbona ulikaa kimya?"

"Nilishatetemeka mbele ya watu. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nafanya mazoezi?" Alikuna kidevu. "Mimi niliwahi kukataa bao halali la fainali. Mpira ulivuka mstari, kila mtu aliuona, isipokuwa mimi. Kuna mji mmoja mpaka leo sikanyagi. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye wa kwanza kukosea kwa kujiamini."

"Ahsante."

"Basi kwa kuwa ulimi umerudi," Refa aliendelea, akishusha sauti, "hebu kesho uninusie changu. Kunusa tu. Kunusa si kuonja."

"Hapana."

"Kidogo."

"Refa, kanuni ni kanuni. Ukitaka kujua, muulize daktari. Anajibu. Mimi nimeishi hapa muda wote bila kulijaribu hilo."

Refa alilifikiria jambo hilo, akiutazama mlango wa ofisi kama mtu anayepima umbali wa kupiga penalti.

"Na akiniambia, nikianza tena kugonganisha meno?"

"Nitakaa na wewe. Nitakuletea blanketi."

"Mm," Refa alisema. "Ngoja kwanza nile."

Siku hiyo iliendelea hivi. Mdogo wa mwonja chai alishuka mpaka maegeshoni, akamkuta msusi amezima gari na kujifungia ndani akimwogopa mlinzi. Akakaa kiti cha abiria, akamwelekeza mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya ualimu hakukanyaga breki yake ya pembeni hata mara moja. Mfamasia alirudi chini kuandaa dawa za wodi nyingine. Daktari alikunywa chai iliyokwisha kupoa, kisha akaanza mzunguko wa wagonjwa. Sista alimaliza zamu saa nane, akaenda nyumbani. Refa alikula, akakaa mbele ya televisheni, akamlaumu mwamuzi wa mechi ya marudio. Saa kumi aligonga mlango wa daktari, akauliza, akajibiwa, na jibu hakumwambia mtu. Mwonja chai alizirudisha nguo zake kabatini. Alimpigia mkuu wa chumba kumwambia kwamba atakuwa kazini Jumatatu, na mkuu akasema, "Njoo, tutakupima," akakata simu. Baada ya hapo aliomba mto wa pili, akajilaza ubavu, akalala mpaka walipokuja kumwamsha kwa chakula cha jioni.